Mgonjwa Aliye Mbali na Kwao

Nawasalimu nyote: wewe mama uliye jikoni ukichochea moto wa chai, wewe dereva uliye njiani, na hasa wewe uliyelala hospitalini na redio ndogo karibu na mto wako, sauti umeipunguza ili usimwamshe mwenzako wa kitanda cha pili. Leo nimekuja kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule aliyeketi kwenye kiti kando yako.

Kama una Biblia karibu, fungua Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, mlango wa pili, kuanzia mstari wa 25. Humo mna habari za mtu aitwaye Epafrodito. Jina lake limetajwa mara mbili tu katika Biblia nzima, tena zote mbili ni katika waraka huo mfupi. Hatusomi kwamba alihubiri, wala kwamba alifanya muujiza. Kanisa la Filipi lilisikia kwamba Paulo yumo kifungoni, wakachanga vitu, wakamtafuta mtu wa kuvipeleka, na mtu huyo akawa Epafrodito. Wataalamu wengi husema Paulo alikuwa Rumi. Basi ilikuwa safari ya majuma kadha, kwa miguu na kwa chombo cha baharini. Huko ugenini akaugua, akaugua sana, hata akakaribia kufa.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nimpende mtu huyu. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito amefadhaika moyoni. Kwa nini? Hasemi kwamba ni kwa ajili ya maumivu, wala kwa kuogopa kufa. Amefadhaika kwa kuwa watu wa kwao wamesikia kwamba yeye ni mgonjwa! Nilipokuwa chuo cha theologia, mwalimu wetu wa Kiyunani alituonyesha kwamba neno lililotumiwa hapo kwa fadhaa yake ndilo lile lile ambalo Mathayo na Marko wamelitumia kwa fadhaa ya Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane. Nikaliandika katika daftari, nikalijibu katika mtihani, nikapita. Lakini kulielewa sikulielewa mpaka mwaka 2018, nilipoketi kwenye benchi la hospitali Nairobi pamoja na mtoto wa dada yangu.

Naomba niwasimulie. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake amesema nisilitaje, kwa sababu, asema, hataki kuombewa barabarani na watu asiowajua.

Alikuwa na miaka 22, yumo mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, akijifunza kazi ya umeme. Kwetu ni Taita, juu kule Wundanyi, ambako ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Alitokwa na uvimbe shingoni, upande mmoja, usiouma. Usiku akawa akitoka jasho hata shuka linalowa. Akapungua mwili. Mahali pa kwanza alipotibiwa walidhani ni kifua kikuu, akameza dawa za kifua kikuu kwa miezi mitano. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Dalili za magonjwa hayo mawili hufanana mno, na kifua kikuu bado ni kingi kwetu. Ila nawaambia ninyi wazazi: uvimbe ukikataa kushuka baada ya dawa, usinyamaze. Omba kipande kidogo cha nyama kikatwe kikapimwe. Hiyo ndiyo njia ya kujua hakika.

Kilipopimwa, ikaonekana ni saratani ya tezi, ile ambayo watu wengi huita kansa, na aina yake inaitwa Hodgkin. Siku hizi mashine za mionzi zimefika Mombasa, Nakuru na Garissa, na wengine hawana haja tena ya kusafiri kama tulivyosafiri sisi. Lakini wakati ule tulielekezwa Nairobi. Daktari alisema kwamba katika saratani zinazowapata vijana, hii ni mojawapo ya zile zinazotibika vizuri, mradi mtu asiikatize dawa. Dawa ni ya kutundikwa, inaingia kwa mshipa, mara moja kila majuma mawili, na kwake yeye ingekuwa mara 12. Hesabuni wenyewe: karibu nusu ya mwaka. Kila safari ni kushuka kutoka Wundanyi mpaka Mwatate, kisha Voi, kisha zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, kulala mtaa wa Umoja kwa jamaa yetu mmoja mwenye vyumba viwili na watoto wanne, na asubuhi kupanda matatu saa kumi na moja ili tuwahi foleni ya kupimwa damu.

Dada yangu alikuwa na shamba na wadogo watatu wa kijana huyo. Akanishika mkono akaniambia, “Ndugu yangu, wewe umesoma. Nenda naye. Lakini tafadhali, asilisikie lile neno.”

Nikakubali. Wasikilizaji wapendwa, mimi, mtumishi wa Mungu, ninayesimama kila Jumapili kuwaambia watu kwamba kweli ni jambo jema, nikakubali. Kwa miezi miwili tulisema “tezi.” Tukienda kwa dawa tulisema “sindano ya tezi.” Faili lake nililibeba mimi kwapani. Daktari alipouliza, “Umelalaje?” nilijibu mimi. Alipouliza, “Umetapika mara ngapi?” nilijibu mimi, na mara nyingine nilikosea. Kijana aliketi katikati yetu kama mzigo ulioandikwa jina la mpokeaji.

Siku ya nne ya dawa, daktari aliweka kalamu mezani, akanitazama kwa upole, akaniambia, “Mchungaji, nitakuomba utoke kidogo. Nataka kuongea na mgonjwa wangu.”

Nikatoka. Niseme kweli, nilitoka na hasira. Nikaketi kwenye benchi nikijiambia kwamba daktari huyu ni kijana, hajui desturi zetu, mjomba hatolewi nje. Nikakaa dakika ishirini. Mlango ulipofunguliwa, kijana akatoka, na uso wake ulikuwa umelia, lakini ulikuwa mwepesi. Hatukusema neno mpaka tulipofika Umoja usiku, watoto wa jamaa yetu wamelala. Ndipo akaniambia, “Mjomba, nimemwuliza mambo matatu. Kama nitakufa. Kama nitarudi chuoni. Na kama nitaweza kupata watoto.”

Sikujua nitazame wapi. Swali lile la tatu angeliulizaje mbele yangu, ndugu ya mama yake, tena kasisi mwenye kola shingoni? Na daktari alikuwa na jibu: kwamba dawa nyingine za saratani hudhuru uzazi zaidi na nyingine kidogo, kwamba katika dawa alizokuwa akipewa yeye hatari ni ndogo, ila jambo hili hufaa liulizwe kabla ya dawa kuanza, si katikati. Kabla ya dawa kuanza! Nani angemwulizia? Mimi, niliyekuwa nikilinda neno moja lisitajwe?

Kisha akanieleza jambo lililonivunja kabisa. Tangu siku ya kwanza alijua. Aliliona jina limeandikwa juu ya faili nilipokuwa nalipa, akalitafuta kwa simu yake, akasoma yote. Alijua hata kwamba Thomas Hodgkin alikuwa daktari wa London, aliyeandika habari za ugonjwa huo mwaka 1832, na kwamba daktari mwenyewe alifia mbali na kwao. “Alifia Yafa, Mjomba. Yafa ya Yona na ya Dorkasi. Mwaka 1866. Alikuwa safarini na rafiki yake, na huyo rafiki akamwekea jiwe la ukumbusho pale kaburini.” Nikamwuliza, “Kama ulijua, mbona ulinyamaza?” Akasema, “Nilidhani ninyi hamtaweza kustahimili nikijua.”

Mnaona basi? Sisi tulikuwa tukimficha yeye, na yeye alikuwa akituficha sisi kwamba anajua tunachomficha. Kijana mwenye ugonjwa wa kuua, usiku hatoki jasho la ugonjwa tu, bali anatoka jasho la kutuchukulia sisi mizigo yetu. Swali lake kubwa lilikuwa, “Nyanya ameambiwa?” kwa maana mama yangu ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Huyu ndiye Epafrodito. Usiku ule niliichukua Biblia yangu nikasoma ule mlango wa pili kana kwamba wino wake haujakauka.

Mtu wa miaka 22 si mtoto, ndugu zangu. Huenda hajaoa, huenda karo yake bado inalipwa na mama yake, huenda bado anaitwa “kijana” katika vikao vya ukoo na hapewi nafasi ya kusema. Lakini mwili ni wake. Anayeugua ni yeye, atakayesaini karatasi ni yeye, na dawa ile nyekundu kama sharubati, inayogeuza hata rangi ya mkojo, inaingia katika mshipa wake, si wangu. Tangu siku ile faili alilibeba yeye. Tulinunua daftari dogo la shilingi thelathini, akawa akiandika mwenyewe: tarehe ya dawa, alichokula, kilichomrudi, vidonda vya mdomoni vilianza lini, kikohozi kama kipo. Na maswali. Nikiingia naye kwa daktari niliingia kwa kuulizwa kwanza, “Mjomba, leo ingia,” au, “Mjomba, leo ningoje.” Nikajifunza kungoja. Kungoja ni kazi, na katika chuo cha theologia hawakutufundisha.

Kumbe daftari lile lilikuja kumwokoa. Siku ya kumi baada ya dawa ya sita tulikuwa tumebaki Nairobi, akaanza kutetemeka saa tano ya usiku. Tulikuwa na kipima joto, akapima mwenyewe: 38 na nusu. Mimi nikasema tuombe, tulale, tutakwenda alfajiri, kwa maana nilifikiria teksi ya usiku ni pesa ngapi. Akafungua daftari akanionyesha alivyoandika kwa herufi kubwa maneno ya sista wa wodi: joto likifika 38 njoo, usiku au mchana, usingoje. Sababu ni kwamba siku hizo, baada ya dawa, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu hupungua sana, na homa ndogo yaweza kumwangusha mtu kwa saa chache. Tukaenda. Maombi tuliyafanya ndani ya teksi, na dereva akaitikia amina. Alilazwa siku tano, akipewa dawa kwa mshipa, na daktari wa zamu hakutuficha kwamba tungengoja kupambazuke pengine habari zingekuwa nyingine.

Nimetaja maombi. Ngoja nitoe neno hapa, na anayetaka kunikasirikia anikasirikie. Walikuja watu Umoja, wengine sijui walielekezwa na nani, wakamwambia kijana yule aache dawa ili aonyeshe imani. Paulo huyu ninayewasomea leo aliombea wagonjwa wakapona. Soma Matendo ya Mitume. Lakini Epafrodito alipougua mikononi mwake, hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Anasema tu kwamba Mungu alimhurumia, na kwamba kama angekufa, yeye Paulo angepata huzuni juu ya huzuni. Na katika rafiki wa Paulo alikuwamo Luka, tabibu mpendwa. Mtu akikuambia uiache dawa ya hospitali kwa jina la Yesu, mshukuru kwa ziara yake, umfungulie mlango wa kutokea. Hali kadhalika mzee mmoja wetu alikuja na chupa ya miti shamba, kwa upendo mwingi, amesafiri nayo kutoka nyumbani. Kijana aliipeleka chupa kwa daktari, akamwuliza wazi. Akaambiwa asichanganye, kwa maana haijulikani yatagombana vipi na dawa. Mzee alinuna majuma mawili, kisha akatuletea mayai.

Na wako wageni ambao hawaleti chupa, wanaleta hadithi. “Hata mtu wa kijijini kwetu alikuwa na ugonjwa huu huu, tulimzika mwezi wa nane.” Jamani! Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hizo ndizo siku zao njema. Shida yote ilianza walipofungua vinywa. Kama huna la kusema, osha vikombe.

Lakini lililomwumiza zaidi lilitoka nyumbani. Wakati ule alipolazwa, kuna mtu wa ukoo alimwambia mwingine kwamba hali si nzuri. Huyo akamwambia mwingine. Kufika siku ya tatu, kijana wetu akiwa kitandani na mpira wa dawa mkononi, simu yake ikalia. Alikuwa mwanafunzi mwenzake wa chuo, analia, akitarajia kwamba simu itapokelewa na jamaa wa marehemu. Alitaka kujua mazishi ni lini! Kijana akamjibu, “Ni mimi ninayeongea.” Kule upande wa pili kukawa kimya. Tulicheka sana baadaye. Lakini usiku ule hakucheka, aligeukia ukuta.

Tulipotoka hospitali akatoa shauri mwenyewe, na nawapa ninyi shauri hilo kwa sababu ni jema. Kila Jumapili jioni alijirekodi sauti yake katika simu, dakika mbili tatu, kwa Kidawida ili nyanya yake aelewe vizuri, akisema yupo vipi, amekula nini, nywele zimebaki ngapi. Sauti ile ikatumwa kwa mama yake, na mama yake tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuisambaza. Mtu mwingine yeyote akiuliza habari, sisi sote tulijibu neno moja: “Ngoja Jumapili, atasema mwenyewe.” Mama yangu tuliyedhani habari itamwua akawa ndiye wa kwanza kuuliza kila Jumapili kama saa zimefika. Paulo alifanya vivyo hivyo, mkiangalia vizuri. Hakuwaachia Wafilipi uvumi. Alimrudisha Epafrodito mwenyewe, na barua mkononi, ili wamwone.

Sasa niseme juu ya pesa, kwa maana mchungaji akikwepa pesa amekwepa nusu ya neno. Wakati ule tulikuwa na kadi ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Wewe uliye na kijana aliyefika umri wa kujiandikisha mwenyewe, mwandikishe leo, usingoje augue. Kadi ilitusaidia sana. Lakini kadi hailipi basi la kutoka Voi. Hailipi matatu ya alfajiri, wala uji, wala mchele unaopeleka kwa jamaa anayekulaza ili mkewe asichoke nawe. Na mimi huona ajabu na desturi yetu. Mtu akifa, siku nne tu zimetosha kupata hema, viti, mabasi mawili na sufuria za pilau. Mtu akiwa hai anatafuta nauli ya kwenda kwa dawa ya saba, tunamwambia tutamkumbuka katika maombi. Nimeongoza mazishi mengi, na nimetia mkono wangu katika michango hiyo, basi sisemi kama mgeni.

Baada ya dawa ya saba nilikuwa nimechoka. Jumapili moja nilisimama mezani pa Bwana nikiongoza Ushirika Mtakatifu, nikasahau nimefika wapi katika kitabu cha sala. Nikasimama tu. Mzee wa kanisa akanisogelea akaniwekea kidole kwenye ukurasa. Baada ya ibada akina mama wa Umoja wa Mama walinifuata ofisini, hawakubisha hodi sana. Wakaniambia, “Pasta, safari zimebaki ngapi?” Nikasema tano. Wakazigawanya hapo hapo. Moja itachukuliwa na wao, nauli na chakula. Moja wanaume. Moja vijana. Mbili ukoo. Na wa kumsindikiza kijana wakawa wanne, tukipokezana, badala ya mimi peke yangu. Wale waliomleta mwenye kupooza mbele ya Yesu, katika Marko mlango wa pili, walikuwa wanne. Nilikuwa nikihubiri sana juu ya dari waliyoitoboa. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu mmoja hawezi kubeba godoro lenye mtu juu yake. Lazima limwangushe mgonjwa.

Safari ile ya vijana ndiyo aliyoifurahia kuliko zote. Alisindikizwa na yule yule aliyepiga simu kuuliza mazishi. Walichelewa kulala wakitazama mpira, wakala chipsi nilizokuwa nimezikataza, na rafiki yake alimletea daftari zote za masomo aliyokosa. Wakati dawa inatiririka wakawa wanachora nyaya za umeme. Nilipopata habari nilitaka kugomba juu ya chipsi. Kisha nikakumbuka kwamba miezi yote ile alikuwa amezungukwa na wajomba, mashangazi na wazee wa kanisa, hakuna mtu hata mmoja wa rika lake.

Alimaliza dawa ya 12 mwanzoni mwa mwaka 2019. Akapigwa picha tena za mwili, uvimbe haukuonekana. Mwezi wa tisa akarudi chuoni. Sasa anafanya kazi ya umeme Mombasa, na huenda kupimwa kila anapoitwa. Mama yake bado hapendi kulitaja lile neno, ila sasa hulisikia bila kutoka chumbani.

Ningeweza kukomea hapo, mkazima redio mkiwa na furaha. Lakini kwenye benchi lile hatukuwa peke yetu. Alikuwako msichana mmoja, umri kama wa kijana wetu, siku yake ya dawa ikiwa sawa na yetu. Alitoka kaskazini, mbali kuliko sisi mara mbili. Kila mara alikuja peke yake. Faili alilibeba mwenyewe, si kwa sababu jamaa zake walikuwa wamejifunza, bali kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulibeba. Kijana wetu alikuwa akimgawia chai ya chupa yetu. Mimi nilimsalimu kila mara, nikamwambia Mungu yupo, nikarudi kwenye gazeti langu. Nilikuwa na mgonjwa wangu, nikaona inatosha.

Katika dawa yetu ya tisa hakuja. Ya kumi hakuja. Kijana akamwuliza sista, na sista akasema tu kwamba walimpigia, akasema anatafuta nauli. Ya 11 hakuja. Kijana akaniambia, “Mjomba, si una namba yake? Wewe ndiye mchungaji.” Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeketi naye benchi moja siku nane, na sikuwahi kumwuliza namba ya simu, wala mahali anapolala, wala kama amekula.

Ikiwa unaishi karibu na hospitali kubwa, iwe Nairobi, Eldoret, Mombasa au mahali pengine, na una kanisa, kuna mtu wa namna hii kwenye benchi kesho asubuhi. Nenda ukakae. Usianze kwa kuhubiri. Mwulize amekula nini, na analala wapi.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewaomba rafiki zako wakeshe pamoja nawe, nao wakalala: uwe karibu na vijana wanaongoja dawa usiku huu, katika wodi na katika nyumba za watu. Wape madaktari na masista subira. Watie nguvu wanaokaa kando ya vitanda. Ukumbuke yule msichana, popote alipo, kwa maana jina lake walijua, nasi hatulijui. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.